Mgeni Wetu Ananunua Pikipiki Mpya: Jina la Nani Litaandikwa?



Katika vijiji vyetu vingi tunaishi na watu waliotoka nchi nyingine. Kuna muuguzi kutoka Kongo katika dispensari ya kanisa, mwalimu kutoka Uganda, sista kutoka Tanzania, na wakati mwingine kijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Wamekuja kufanya kazi pamoja nasi, na kazi yenyewe iko mbali na barabara ya lami. Basi siku moja mgeni huyo anasema, "Nataka kununua pikipiki ndogo, mpya. Nifanye nini?"

Mara nyingi watu wa kwanza kuulizwa ni sisi wanakikundi, kwa sababu sisi ndio wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji akitoa shauri baya, mgeni ataumia na mwenyeji ataumia pia. Ndiyo maana tumeandika makala haya. Mengi yaliyomo yatawafaa hata ninyi wenyewe, kama kikundi chenu kinafikiria kununua pikipiki.

KISA CHA PIKIPIKI ILIYOKAA CHINI YA GHALA

Kisa hiki tulikisikia katika mkutano wa vikundi. Muuguzi mmoja mgeni alikuwa akienda kliniki za vijijini kwa miguu. Watoto wa kudungwa chanjo walikuwa wengi na njia ni ndefu. Akaweka akiba ya mshahara wake, na marafiki wa nyumbani kwao wakamwongezea. Pesa zikatosha pikipiki mpya. Alipouliza habari ya karatasi, watu wakamwambia, "Wewe ni mgeni, itakusumbua. Andikisha kwa jina la kijana wetu, itakuwa rahisi."

Kijana yule alikuwa mtu mwema, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Pikipiki ikanunuliwa kwa jina lake, na muuguzi akaitumia zaidi ya mwaka mmoja. Kisha yule kijana akaugua, akafariki. Alikuwa na mke na watoto wadogo. Ndugu zake walipohesabu mali yake, wakaona karatasi ya pikipiki ina jina la marehemu. Wakaichukua. Hawakuwa wezi. Walisoma tu kile kilichoandikwa.

Pikipiki ikakaa chini ya ghala la mahindi karibu nusu mwaka wazee wakizungumza. Muuguzi hakuwa na risiti yenye jina lake, wala barua, wala shahidi aliyetia sahihi. Mwishowe familia ilikubali kuirudisha, lakini kliniki za mbali zilikuwa zimesimama muda huo wote. Mjane yule na yule muuguzi, waliokuwa wakikaa kiti kimoja kanisani, walianza kupishana bila kusalimiana.

Yote hayo yalitoka kwa neno moja: "itakuwa rahisi."

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 8, inasema kwamba mtu ambaye chombo kimesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vingine. Maana yake ni hii: ukisema ni yako na karatasi inasema ni ya mwingine, kazi ya kuthibitisha ni yako wewe.

Na si mali tu. Pikipiki ikigonga mtu, au ikitumiwa katika uhalifu, polisi watamtafuta kwanza yule ambaye jina lake limeandikwa. Kwa hiyo hata kijana anayekubali kuazimisha jina lake anajitia hatarini.

Tena hakuna sababu ya kuazima jina. Mgeni anayekaa Kenya kihalali anaweza kusajili pikipiki kwa jina lake mwenyewe. Hakuna sheria inayomkataza. Inatakiwa tu afuate hatua, na hatua zenyewe ndizo hizi.

HATUA YA KWANZA: KARATASI ZA MGENI MWENYEWE

1. Kibali cha kukaa. Mgeni awe na pasipoti na kibali kinachofaa kazi yake. Kwa mfano, wanaofanya kazi za dini au za hisani hupewa kibali cha daraja la I, na walioajiriwa hupewa cha daraja la D.

2. Kitambulisho cha mgeni. Kwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, mgeni atakayekaa nchini zaidi ya siku 90 anatakiwa kujiandikisha na idara ya uhamiaji apewe kitambulisho chake. Wengine hukiita kadi ya mgeni. Bila kadi hii mambo mengine yote yanakuwa mazito.

3. PIN ya ushuru. Hii ni namba inayotolewa na Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA. Huwezi kusajili pikipiki bila PIN, uwe raia au mgeni. Mgeni mwenye kadi anaweza kuiomba.

4. Akaunti ya eCitizen. Siku hizi huduma nyingi za serikali hupatikana kwa simu au kompyuta kupitia eCitizen. Mgeni mwenye kadi hufungua akaunti yake, na kwa hiyo hiyo huingia katika huduma za NTSA, mamlaka inayoshughulikia usajili wa magari na pikipiki. Kama hana ujuzi wa kompyuta, aende kituo cha Huduma au kwa kijana wa saiba anayeaminika. Lakini neno la siri alichague mwenyewe na asimwachie mtu. Mwenye neno la siri anaweza kuhamisha pikipiki kwa jina la mwingine.

Karatasi hizi huchukua muda. Shauri letu: mgeni azianze kabla pesa hazijatosha. Pesa zikiwa tayari na karatasi bado, hapo ndipo watu huanza kutafuta njia ya mkato.

HATUA YA PILI: KUHESABU GHARAMA

Bwana Yesu alisimulia habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza na kuhesabu kama ana vya kutosha kumalizia. Pikipiki nayo ni hivyo. Bei ya dukani ni mwanzo tu.

Andikeni katika daftari mambo haya: bei ya pikipiki yenyewe, ada ya usajili na namba, kama haimo ndani ya bei, bima, kofia ngumu mbili, jaketi mbili zinazong'aa, mafunzo na leseni, kufuli, na mafuta ya mwezi wa kwanza.

Ulizeni duka waziwazi: "Bei hii ina usajili ndani? Ina kofia? Ina huduma ya kwanza?" Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya bei. Maneno ya mdomo yanasahaulika mkitoka mlangoni.

Sasa tuangalie kununua kwa awamu, kwa sababu maduka mengi huwavutia watu kwa njia hiyo. Hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme pikipiki ni shilingi 180,000 kwa pesa taslimu. Kwa mkopo unatoa shilingi 30,000 za kwanza, kisha shilingi 450 kila siku kwa siku 540. Shilingi 450 mara 540 ni 243,000. Ongeza zile 30,000 unapata 273,000. Umelipa shilingi 93,000 zaidi ya bei ya taslimu. Mtu akisikia "mia nne hamsini tu kwa siku" anaona ni kidogo, kumbe amenunua pikipiki moja na nusu.

Hatusemi mkopo ni dhambi. Mwendesha boda boda anayepata pesa kila siku anaweza kuumudu. Lakini mgeni ambaye kibali chake kitaisha baada ya mwaka mmoja asichukue deni la mwaka mmoja na nusu. Tena pikipiki ya mkopo huandikwa pamoja na jina la mkopeshaji mpaka deni liishe. Mgeni akiondoka kabla ya kumaliza, atakayefuatwa ni yule aliyemdhamini, na mara nyingi mdhamini ni mwanakikundi.

HATUA YA TATU: KUCHAGUA PIKIPIKI

Nyingi za pikipiki ndogo tunazoziona ni za injini ya saizi 100, 125 au 150. Boxer ya Bajaj na HLX ya TVS zimeenea sana mashambani, na Honda pia zipo. Hatumpigii debe mtu yeyote. Tunasema angalieni mambo haya matano:

1. Spea. Nendeni soko la karibu mwulize bei ya cheni, breki, plagi na kebo ya klachi za pikipiki ile. Kama hazipatikani hapo, pikipiki ile itakusimamisha wiki nzima kwa kitu kidogo.

2. Fundi. Ulizeni fundi wa jua kali wa hapo kwenu ni pikipiki gani anaijua vizuri. Yeye ndiye mtakayekuwa naye miaka yote.

3. Barabara. Mahali pa tambarare na mzigo mdogo, injini ndogo inatosha na inaokoa mafuta. Penye milima, matope na mzigo wa chanjo au wa mbegu, ya 125 au 150 haitachoka upesi.

4. Mwendeshaji. Akae juu yake, miguu yote miwili ifike chini. Sista mfupi akipewa pikipiki ndefu ataanguka nayo kwenye matope.

5. Kusudi. Kama ni ya kubeba mizigo, keria iwe imara. Pikipiki za umeme nazo zimeanza kuonekana, hasa mijini. Kabla ya kuinunua, ulizeni betri inachajiwa au inabadilishwa wapi, na ni umbali gani kutoka kwenu.

HATUA YA NNE: SIKU YA KUNUNUA

Nunua kwa muuzaji anayejulikana, mwenye duka na risiti zake. Nenda na mtu mmoja au wawili wa kamati, na fundi akiweza. Usibebe pesa nyingi mfukoni. Lipa kwa benki au kwa simu, kwa namba ya duka na siyo namba ya mtu binafsi, ili alama ya malipo ibaki.

Kabla ya kulipa, tafuta namba ya fremu na namba ya injini. Zimepigwa kwenye chuma chenyewe. Soma moja baada ya nyingine ukilinganisha na karatasi, herufi kwa herufi. Kosa la namba moja tu litakusumbua siku utakapotaka kuuza.

Usajili wa pikipiki mpya kwa kawaida hushughulikiwa na duka. Wewe utawapa nakala ya kadi ya mgeni, PIN na namba ya simu. Hakikisha risiti na usajili vyote vina jina la mgeni kama lilivyo katika pasipoti. Wageni wengi wana majina matatu au manne, na mwandishi wa duka akiruka moja au akibadilisha herufi, ile logbuku, yaani hati ya umiliki, haitalingana na kadi.

Usiondoke na pikipiki barabarani kabla ya kusajiliwa na kupata namba. Namba za pikipiki Kenya huanza na herufi KM. Muuzaji akisema, "Chukua tu, namba itakuja," mwambie utangoja. Pikipiki isiyo na namba ikikamatwa, faini ni yako na siyo ya muuzaji.

HATUA YA TANO: BIMA, LESENI NA MAVAZI

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa Sheria ya Sura ya 405. Hii humlipa mtu uliyemgonga au uliyemuumiza. Haitengenezi pikipiki yako, wala haikulipi ikiibwa. Ukitaka hayo, unanunua bima kubwa zaidi. Tena bima ya matumizi ya nyumbani si bima ya boda boda. Ukianza kubeba abiria wa kulipa kwa bima ya nyumbani, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa.

Leseni: ruhusa ya kuendesha gari haikuruhusu kuendesha pikipiki. Leseni za pikipiki ziko katika daraja la A. A2 ni ya pikipiki ya kawaida inayozidi injini ya saizi 50, na A3 ni ya boda boda, wabeba vifurushi na tuktuk. Mgeni anayekaa nchini asitegemee leseni ya kwao miaka yote. Aende NTSA aonyeshe aliyo nayo, aambiwe namna ya kupata ya Kenya. Na kama hajawahi kuendesha pikipiki, aende shule ya udereva. Kufundishwa na rafiki uwanjani jioni mbili hakutoshi.

Mavazi: sheria inataka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na jaketi inayong'aa, na abiria ni mmoja tu. Tunajua katika vijiji vyetu tunaona watu watatu, hata mtoto katikati. Tunajua pia ni nani wanaojaza wadi za mifupa. Mgeni wetu asijifunze kwetu jambo hili.

HATUA YA SITA: KUITUNZA IKIWA MPYA

Injini mpya ni kama ndama. Usiifunge jembe siku ya kwanza. Kwa kilomita 1,000 za mwanzo usiikimbize, usiipakie mzigo mzito, wala usipande mlima mrefu bila kuipumzisha. Oili ya kwanza hubadilishwa mapema, mara nyingi inapokaribia kilomita 500. Kitabu kilichokuja na pikipiki kitakuambia hasa ni lini. Huduma za kwanza zifanywe mahali palipotajwa na duka, na zitiwe muhuri, la sivyo dhamana inakufa.

Kila asubuhi: angalia oili, breki, taa, na upepo wa tairi. Kila wiki: safisha cheni, itie oili, uangalie isilegee wala isikaze sana.

Mwekee pikipiki akiba yake. Kwa mfano, ukitenga shilingi 5 kwa kila kilomita, na unaenda kilomita 200 kwa wiki, utaweka shilingi 1,000. Tairi ikiisha hutakopa kwa jirani.

MGENI AKITAKA KUVUKA MPAKA

Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960 watu wa Busia walianza kubebwa kwa baisikeli kutoka boda ya Kenya mpaka boda ya Uganda, na jina likashika. Lakini siku hizi kuvuka na pikipiki kunataka karatasi.

Mgeni akitaka kwenda kuwasalimu watu wake kwa pikipiki, achukue logbuku, leseni, pasipoti, na bima inayotambulika ng'ambo, ambayo ni Kadi ya Njano ya COMESA. Kadi hii inatumika Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo, na huuzwa na makampuni ya bima ya hapa. Mpakani ataomba kibali cha muda cha kuingiza chombo. Akitaka kuihamishia kwao kabisa, hilo ni jambo jingine la ushuru. Aulize forodha ya nchi yake kabla ya kufunga safari.

MGENI AKIONDOKA

Siku itakuja mgeni arudi kwao. Wengi huwa na moyo wa kuacha pikipiki kwa kikundi au kwa dispensari. Hapo ndipo ugomvi mwingine huanza, kwa sababu watu hupokea funguo wakasahau karatasi. Baada ya miaka miwili mwenye jina yuko ng'ambo, simu yake haipatikani, na pikipiki haiwezi kuuzwa wala kuhamishwa.

Fanyeni hivi: mgeni aandike barua kwamba ametoa zawadi, na kwa nani. Barua itiwe sahihi mbele ya mashahidi. Kisha ahamishe umiliki kupitia akaunti yake ya NTSA kabla hajapanda ndege. Sheria hairuhusu chombo kilichobadilisha mwenyewe kitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajasajiliwa. Mpokeaji naye awe na PIN. Kama ni kikundi, cheti chenu cha usajili kiwe hai, na karani aandike katika kitabu cha mikutano: namba ya pikipiki, aliyetoa, tarehe, nani ataiendesha, nani ataweka mafuta, na pesa zikipatikana zitaingia wapi. Msiiandikishe kwa jina la mwenyekiti "kwa muda." Wenyekiti hubadilika, na wengine hufa kama yule kijana wa kisa chetu.

Mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chetu kuna chombo, shamba au mashine iliyoandikwa kwa jina la mtu asiye mwenyewe? Tutarekebisha vipi bila kuleta chuki?

2. Katika kisa cha muuguzi, ni nani angeweza kuzuia shida, na angesema neno gani siku ile ya kwanza?

3. Tukipewa pikipiki leo, tunaweza kulipa bima, mafuta na tairi kwa mwaka mmoja? Wekeni hesabu ubaoni.

4. Mgeni akituomba shauri tusilolijua, tumpeleke kwa nani katika eneo letu?

Yule muuguzi bado yuko katika dispensari ile ile. Logbuku ya pikipiki ina jina lake sasa. Na tuliambiwa kwamba siku ya kliniki, akipita njia ile, yeye humbeba mtoto mdogo wa yule mjane mpaka shuleni. Mtoto amevaa kofia yake.